Mshono Mwekundu

Delbert anarudi Ijumaa.
Kadi yake kutoka Alaska ina mistari mitatu,
na wa kati unauliza: jipi langu lingali kivulini?

Lingali!
Nitazame miye, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa,
nimesimama uani hapa Ajo saa kumi na moja alfajiri,
kabla bati halijaanza kulia kwa joto,
nahesabu viangazi kwa vidole: kimoja, viwili, vitatu.
Kibanda nilimpangisha Bi. Purvis na tanuri lake la vyungu.
Jipi nikalitoa nje. Kwa wiki moja tu, nilisema.

Jua la Arizona halipigi kofi.
Linalamba.
Bandu bandu, uzi baada ya uzi,
hadi siku unavuta mkanda ili turubai ikaze
na mkanda unakubakia mkononi
kama mkia wa mjusi.

Mikanda minne. Miwili imekatika.
Wa tatu umekakamaa, haukubali kupita kwenye bizimu.
Wa nne ukiukunja unatoa unga,
unga mweupe unaowasha vidole mpaka usiku.

Efraín Quihuis, aliyeshona viti vya mabasi ya mgodi
mpaka mgodi wenyewe ukafungwa,
alikuja na miwani iliyofungwa kwa waya.
Hakunilaumu. Aliunusa mkanda.
"Nailoni," akasema,
kama daktari anayetaja ugonjwa wa ukoo.
"Shona kwa polista. Nayo itakufa,
ila itakufa polepole."
Akaniachia shazia, donge la nta,
na mkanda mpya wa upana wa vidole viwili.

Ndipo nikafungua bizimu.
Chini ya chuma, pale mkanda ulipojikunja,
palikuwa na kipande cha ukubwa wa stempu
ambacho jua halikukiona:
kijani. Kijani kibichi cha siku ile
Delbert alipolileta kutoka Tucson
akipiga honi mtaa mzima,
mama akatoka jikoni na unga hadi viwikoni,
akauliza nani kafariki.
Nilikuwa nimeshasahau. Ningeapa mbele ya hakimu
kwamba mikanda ile tangu hapo ilikuwa ya kijivu.

Nikakata. Nikayeyusha ncha kwa kiberiti, mbali na turubai.
Nikapaka uzi nta. Mraba, kisha msalaba ndani ya mraba,
tundu kwa tundu, shazia ikinichoma kidole gumba
kila nilipowaza la kumwambia.
Kwenye mkanda wa tatu uzi mweusi ukaniishia.
Dukani ulibaki mwekundu tu.

Basi mwekundu.

Nilikata mwavuli mbovu wa baraza nikashona mifuko,
kila mkanda ukavaa wake kama mkono wa shati.
Nikaosha vumbi kwa maji na sabuni kidogo,
maana vumbi nalo lina meno, Efraín alisema,
ukikaza mkanda mchafu unakaza msumeno.
Kisha nikamwendea Bi. Purvis. Hilo sitalisimulia.
Tanuri liliondoka Alhamisi.

Ijumaa alishuka kwenye basi
amekonda, ndevu nyeupe, begi moja.
Alipitisha kidole kwenye mikanda yote minne.
Kwenye nyekundu kikasimama.
Kikarudi nyuma. Kikasimama tena.

Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni.

Akavua miwani yake ya jua.
Uso mzima ulikuwa umebabuka kwa mng'ao wa theluji,
isipokuwa maduara mawili kuzunguka macho,
ngozi laini, ngozi ya mvulana
aliyewahi kuniangusha kutoka kwenye baiskeli.

"Kiangazi kilikuwa kikali?"

"Vyote vitatu," nikamjibu.

Akacheka kwa pua, akaegemeza bega kwenye mlango.
Tukalisukuma kivulini.