Chupa za Friji ya Maabara

Zamu ya alfajiri, Barka. Mashine zinanguruma,
bahari inaingia kwa bomba moja, inatoka kwa jingine
bila chumvi yake.
Ndani ya friji ya maabara chupa zimekaa safu:
maji kabla ya chujio, maji baada ya chujio,
na nyuma kabisa mbili fupi, vizibo vya waridi:
maziwa yangu.

Nimeziandika kama nilivyofunzwa kuiandika kila sampuli:
tarehe, saa, mahali ilipochukuliwa.
Mahali: stoo ya vichujio,
juu ya ndoo niliyoipindua,
mguu mmoja nimeukaza mlangoni usije ukafunguliwa.

Biju, fundi wetu wa Kerala, juzi kaishika moja,
kaiinua kwenye taa, kauliza kwa adabu zake zote,
"Madamu, hii ya tangi namba ngapi?"
Nilicheka hata mshono ukaniuma.

Miaka thelathini na tisa. Kifungua mimba.

Mama mkwe, Bi Shekha, miaka minane mfululizo,
kila Ijumaa, sinia la wali likishatuliwa,
alinitupia ileile: chelewa chelewa,
utamkuta mwana si wako.
Na mama yangu, aliyeshuka Maskati na watoto watatu
kabla hajatimiza ishirini na mbili,
akininong'oneza jikoni: haraka haraka, mwanangu, haina baraka;
shika kwanza karatasi yako.
Methali zetu hazijawahi kuitwa kikao kimoja
zikakubaliana.

Nilishika karatasi. Nikashika ya pili. Nikashika zamu za usiku;
mwaka bahari ilipogeuka nyekundu tukafunga mabomba
nililala hapa sakafuni siku nne.
Barua ya ukuu wa maabara iko njiani, nikaambiwa,
na tumbo nalo likawa njiani.
Barua ikabadili anwani, ikamfikia Hilali.
Hilali naye kapata mtoto mwezi uleule.
Yeye walimletea halwa.
Mimi waliniuliza, "Utaweza?"

Ghaniya tulikaa dawati moja chuoni.
Yeye alizaa mapema: watatu, mmoja nyuma ya mwenzake,
akatoweka miaka kumi na mbili,
akarudi mabinti wakiwa warefu kumshinda,
akaanzia chini, kuosha chupa. Huniita bosi,
na neno hilo hulitamka kama mtu anayebonyeza jipu,
taratibu, aone kama bado linauma.
Siku nyingine namwonea wivu kwa mabinti wale.
Yeye, nadhani, kwa kiti changu.
Hatujawahi kulisema.

Leo kagonga mlango wa stoo. Sikujibu.
"Maliza tu," kasema, "nimesimama hapa, hapiti mtu."
Kisha, nikidhani kaondoka, sauti yake chini ya kishindo cha pampu:
"Mimi nilikuwa nikikamulia kwenye sinki.
Chuoni, choo cha ghorofa ya pili.
Sikuwa na friji, wala wa kumpelekea.
Nikafungulia maji ili nisisikike.
Hata siku ya mtihani wa kemia."

Nikakaza kizibo. Nikaandika saa.
"Ulipata ngapi?" nikamwuliza.

"Themanini na moja," kasema.
"Wewe sabini na sita."