Reale ya Mzinga

Katika hati ya mahari ya bibi wa bibi yangu
mchwa wamekula pambizo, lakini hesabu imebaki:
reale arubaini, za mzinga, zisizo na ila.
Thelathini na tisa ziliingia kalibuni, Langoni,
zikatoka mitali, kekee, vikuku vya watoto.
Moja ikabaki kidakani, nyuma ya chokaa,
imefungwa kitambaa kama jino lililong'oka.

Tumekua tukiiegemea.
Karo ikikosekana, shangazi Mwanatumu husema,
"Mzinga tunao."
Paa likivuja: "Mzinga tunao."

Leo nimeipeleka kwa sonara, Lali Shekuwe.
Ameipangusa kwa kidole gumba.
Upande huu mfalme, pua ndefu, nywele za mawimbi,
mwaka elfu moja mia saba themanini na moja.
Upande wa pili nguzo mbili za nchi yake
ambazo wazee wetu, waliozoea ngome,
waliziona mizinga, na jina likashika.
Nani angewasahihisha?
Mfalme hakujua kama Lamu ina soko.

Pembeni imepigwa mihuri midogo:
herufi ya Kichina, nyota, alama ya meno.
Kila mkono uliipokea kwa shaka, ukaipitisha.
Wenzake zilinunua pembe, boriti, ambari.
Zilinunua na watu. Hilo hati haisemi,
nasi tunaosoma tunapitisha macho haraka.

Lali akaiangusha juu ya jiwe.
Tk.
Akatoa nyingine, ya kwake, akaiangusha:
ikalia, ikalia, kama inayeitwa akaitika.
"Yako hailii, mwanangu. Ndani ni shaba.
Fedha ni ngozi tu."

Kumbe haikufichwa kwa thamani.
Alikataliwa nayo dukani, bibi yule,
mbele ya watu, pengine mara mbili,
akarudi ndani ya shiraa yake bila neno,
akaizika ukutani pamoja na aibu.
Zisizo na ila, wino ulisema.
Mumewe hakuambiwa. Au ndiye aliyejua.

Nimeuliza ujira wa kuipima, Lali amekataa.
Amenirudishia ingali na joto la kiganja chake.

Kesho kutwa anakuja fundi wa paa.
Mama yuko mlangoni, kilemba cha kanga kimelegea,
ananiuliza, "Haya, mzinga wasemaje?"