Niliowaua Jumanne

Chupa ya baba bado iko juu ya boriti ya banda la kuku.
Fuvu na mifupa miwili vimepauka kwenye kibandiko,
kizibo kimekaza kama mdomo wa mdaiwa.
Baba alinyunyizia kahawa kwa mkono wa kulia, bila glavu,
na mkono huo ndio uliotangulia kutetemeka.
Kwa hiyo siigusi. Wala siitupi. Niitupe wapi?
Mfongo unashuka moja kwa moja hadi kwa Mama Aikaruwa,
na bata wake hawajui kusoma.

Nina matuta manne hapa Rau, nyuma ya jiko:
sukuma wiki, nyanya, mnavu,
na ngogwe zilizojiotea, ambazo sina moyo wa kuzing'oa.
Vidukari walikuja na joto la Januari,
kwanza wachache, kama unga uliomwagika,
kisha ukoo mzima chini ya jani, wamebanana,
wananyonya, huku sisimizi wakiwachunga
na kuwakamua kama ng'ombe wa maziwa.

Nikakwangua sabuni ya kipande,
nikaponda vitunguu saumu na pilipili kichaa
(usijikune jicho; mimi nilijikuna),
na majani ya mwarobaini aliyoniletea Elinami
kutoka kwa shangazi yake, kule Kahe kwenye jua kali.
Nikaloweka usiku kucha katika ndoo yenye ufa.
Alfajiri, Kibo akiwa hajajifunika shuka,
nikachuja kwa kipande cha kanga ya zamani
ambayo maandishi yake yote yamefutika
limebaki neno moja: MAJIRANI.

Jumanne nikaona wengine.
Weusi, wenye mabaka ya rangi ya chungwa, miiba mgongoni,
mamba wasiozidi punje ya mchele,
wanatembea katikati ya vidukari bila haraka
kama wenye shamba.
Nikasema, hawa ndio wakubwa wao.
Nikawaminya kwa kidole gumba, mmoja mmoja,
kumi na tisa, nikihesabu kwa sauti.
Nikanawa. Nikanywa chai. Nikajisifu.

Mama Aikaruwa alikuja kuomba chumvi.
Akawaona wawili waliosalia kwenye shina,
akauliza, "Wenzao wako wapi?"
Nikamwonyesha gumba langu.
Alinyamaza mpaka nikasikia maji ya mfongo.
"Hao ni watoto," akasema,
"wa yule mwekundu wa mviringo, mwenye madoa,
anayekutua begani ukafurahi.
Wakiwa wadogo wana sura mbaya, kama kifaranga cha bundi.
Mmoja anamaliza vidukari mamia
kabla hajavaa gauni lake."
Akachukua chumvi, akaenda.

Sijawahi kumwomba radhi mdudu.
Nilisimama tutani kama mtu
aliyekosea jina la marehemu mbele ya wafiwa.

Siku hizi napulizia jioni, nyuki wakishalala,
chini ya jani tu, palipozidi tu.
Majivu nayaweka shingoni mwa miche, kwa ajili ya sota.
Kantangaze alinishinda:
nyanya nusu zilitobolewa, nikazichoma,
sitakudanganya kwamba pilipili inaweza yote.
Tuta la mnavu nimewaachia vidukari kidogo,
maana mgeni wa gauni jekundu
hatui kwenye nyumba isiyo na chakula.

"Utajuaje yupi wa kuua?" Elinami aliniuliza.
Sikuwa na jibu la kumfaa mtoto.
Nageuza jani. Navaa miwani. Namtazama anakula nini.
Inachosha. Mgongo unauma.
Baba alimaliza shamba zima kabla ya saa tatu.

Jana nilikwenda kuokota mayai.
Kwenye chupa, juu kidogo ya fuvu,
mmoja wa wale wawili amejigandisha kwa mkia,
amejikunja, hatembei tena, hali,
gauni linashonwa humo ndani.
Sikumgusa.
Nikawatoa kuku wote, hata mwenye vifaranga,
nikawafungia jikoni,
wakamwaga unga.