Kufumba na Kufumbua

Wasemao "kufumba na kufumbua"
hawajaulizwa ni muda gani.
Mimi niliulizwa.

Ilikuwa Göttingen, kipupwe cha mwaka wa tisini na moja.
Profesa Thielemann, ndevu zikinuka tumbaku,
aliingia dukani, akapangusa theluji mabegani:
"Fundi Osterkamp, niundie saa
inayoikata sekunde vipande elfu."
Nikamwuliza, ya treni gani hiyo?
"Si ya treni," akasema. "Ya nafsi."

Nafsi!
Mimi niliijua ya mchungaji tu,
ile inayofuliwa Jumapili na kuanikwa mbele za watu;
nikasikia pia ya wanafalsafa,
waotao moto wakiibishania
kama njugu ambayo hakuna aliyeimenya.
Sasa iletwe mezani, baina ya betri na nyaya.

Miezi mitano nilichonga shaba,
magurudumu yenye meno membamba kuliko unywele.
Maabara ilikuwa vyumba viwili juu ya bohari la ngozi;
sayansi mpya, harufu ya ng'ombe wa zamani.
Gololi inaanguka: ta.
Kidole kinabonyeza: ti.
Kati ya ta na ti mshale unakimbia.
"Mtu yumo humo," profesa alisema, "katika ufa huo."
Nami nilichungulia ufa, nikaona mafuta yangu ya mashine.

Wanafunzi walifungwa vitambaa machoni, wakainua vijiwe:
kizito, sawa, kizito kidogo, sijui.
"Sijui" ilikatazwa.
Gisbert, mtoto wa mwoka mikate, alirudi kwao likizo
akashindwa kubeba mkate bila kuukadiria.

Siku moja mjaribiwa aliugua, nikakalishwa mimi.
Safari hii yalikuwa maneno: nisikie, nijibu la kwanza lijalo.
Meza. — Kiti.
Mkate. — Siagi.
Nyundo. — Msumari.
Barafu.

Barafu.

Mshale ukazunguka, ukamaliza duara, ukaanza la pili.
Hawakujua habari za Jobst, miaka tisa,
viatu vyake vya kuteleza,
wala ule mlio wa bwawa, mdogo,
kama kikombe kinachopata ufa.
Nikajibu, "Maji."
Profesa aligonga kioo kwa ukucha. "Saa imekwama."
Haikukwama. Kazi yangu naijua.
Akapiga mstari mwekundu, akaandika: kosa.
Karatasi ikaenda kapuni.

Nyuma, karibu na mlango, alikaa Ludmila Voskresenskaya wa Saratov,
aliyeruhusiwa kusikiliza, asiruhusiwe kufuzu.
Hakusema neno. Watu walipotoka kunywa kahawa
aliinama kapuni kama mtu aliyeangusha kifungo.

Baada ya miaka kumi na mmoja ikaja barua yake:
"Nimekusanya makosa mia tatu na kumi na mawili.
Fundi, yanafanana."

Thielemann alizikwa na majedwali yake.
Wakaja waliosema tuchimbe chini, mtu ni handaki;
wakaja waliosema hakuna chini,
kuna panya, mlango, na kipande cha jibini.
Kila mmoja alitaka kifaa, na aliyelipa nilimtengenezea.
Hakuna aliyerudi kuniuliza kuhusu barafu.

Sasa nina miaka sabini na miwili, na saa yangu imo kabatini chuoni,
imeng'arishwa vibaya,
mshale umesimama mahali ambapo mimi nisingeusimamisha.
Jana kilipita kikundi cha watoto wa shule.
Mmoja, pua ikichuruzika, akaibandika kwenye kioo:
"Mwalimu, hii ilikuwa ya kupima nini?"

Mwalimu akafungua kinywa.
Mimi, kwa mazoea tu, nikahesabu.

Sekunde nne nzima.