Usiku Uliopigwa Mchana

Duka lilikuwa Ruwi, nyuma ya mnara wa saa,
mlango wa aluminiamu, kiyoyozi kinachokohoa,
na kanda za video zimepangwa mpaka darini
kama matofali ya nyumba isiyokwisha kujengwa.
Ami Zahor alizinunua nusura kwa kilo
kwa Mmalabari mmoja wa Dubai,
nakala ya nakala ya nakala:
ngome za Uhispania, misitu ya Italia,
mumiani wa bei ya chee.

Alhamisi usiku tulijazana sebuleni.
Kizungu hatukijui, Kiarabu chetu kinachechemea,
miaka tisa tu tangu tushuke na masanduku,
basi ami alitafsiri mwenyewe, kwa sauti zote.
Lodi wa ngome akazungumza Kipemba,
mwari wa kijijini akamjibu Kimakunduchi,
na yule mtu anayegeuka mbwamwitu, maskini,
hakupewa neno. Alibweka tu
kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Bibi Thuwaiba mbele kabisa, miwani puani,
akichambua mchele, akiichambua na filamu.
"Manyoya ya gundi hayo, tazama shingoni."
"Huyu alokufa mbona anahema?"
"Mumiani gani asiye na sindano wala gari?
Joho tu, na saa ya mkononi."
Saa kweli ilikuwepo. Ami alirudisha kanda:
saa nne na robo
mkononi mwa mfu wa miaka mia tatu.
Kikatolewa kitunguu thomu, lodi akarudi kinyumenyume,
bibi akacheka hadi mchele ukamwagika.
"Aje kwangu siku ya pilau!"

Jirani yetu Bi Shinuna, mtu wa Bahla, hakucheka.
Kwao mti wa sokoni ulitiwa minyororo
majini wasiruke nao.
Alisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho,
kisha akaomba kanda ya pili.

Kilichomuudhi bibi kuliko vyote ni usiku wao.
Farasi anakimbia, mwezi mpevu juu,
mpevu siku ya nne mfululizo
(sisi tuliokesha juu ya mapaa
tukiusaka ulio mwembamba kama ukucha
tulijua mwezi hauna tabia hiyo),
kila kitu kimetiwa buluu,
na chini ya farasi, changaraweni, kivuli.
"Huo mchana," akasema. "Wameupaka rangi.
Kivuli cha saa saba hicho, mimi hanidanganyi mtu."

Kesho yake tulilala mapazia yamefungwa.
Joto la Maskati limekaa mlangoni kama mdai,
na mji mzima, mabwana na mabibi,
umejifungia sandukuni hadi magharibi.

Filamu moja tu ilimnyamazisha.
Lodi amehamia nchi ya mbali.
Anafungua sanduku lake: udongo.
Hapati usingizi asipolalia udongo wa kwao.
Ami alianza kutafsiri, sauti ikamkatikia njiani.
Bibi akaweka ungo chini, akaingia chumbani.
Tulisikia bati. Kopo la biskuti
lililotoka naye Wete, tulilokatazwa kuligusa,
ambalo ukilitikisa lilisema mchanga
na kunuka makonyo.
Aliporudi alisema, "Huyu msimuue."
Walimuua. Kigingi cha mti, damu kama sharubati.
Hakuitafuta gundi.

Alifariki Juni. Adhuhuri tukamchukua,
mawe yanachoma kupitia soli za viatu.
Mfuko wa kanzu ya ami ulivuta upande mmoja, mzito;
wakati wa kurudi ulikuwa ukipepea.
Hakusema kitu, nami sikumuuliza.
Nilikuwa nikitazama chini, changaraweni,
vivuli vyetu vifupi, vyeusi,
vimejikunja kila kimoja miguuni pa mwenyewe.
Huu ni usiku, bibi, nikasema kimoyomoyo.
Wameupaka rangi.