Mizani ya Kopo

Nyamizi alihamishiwa Kigoma, wodi ya wazazi.
Mimi ndiye niliyempimia mizigo, stesheni ya Tabora:
kilo thelathini na nane.
Nikaandika thelathini.
Akaona, akanyamaza,
kisha akanisukumia kopo la rangi juu ya kaunta.
"Hili halisafiri. Litavunjika shingo kabla ya Nguruka.
Kaa nalo."
Ndani yake jani, na jani, na jani,
kila moja na umbo la moyo, kijani kilichodondoshewa maziwa.
"Linakula nini?"
Alicheka mpaka honi ikamkatiza.

Chumba changu cha Cheyo kina dirisha moja, linatazama machweo.
Nikaliweka hapo. Nilidhani
kila cha kijani kinaomba jua.
Jua la Oktoba haliombwi.
Siku ya tatu jani la juu lilikuwa na alama ya pasi,
pembe zimejikunja kama tiketi ya mwaka juzi.

Nikalihamishia kabatini, kando ya redio,
mahali mwanga unapofika umeshachoka,
na kwa toba nikalinywesha.
Asubuhi kikombe, jioni kikombe.
Wiki ile mgao ulikuwa mkali,
nilioga nusu ndoo ili lenyewe lipate.
Haba na haba, nikajisemea.
Kibaba kikajaa.
Majani yakageuka manjano kuanzia chini,
yakadondoka moja moja kama abiria
wanaoshuka stesheni ndogo bila kuaga.
Udongo ukanuka mtaro.

Mama Ngolo mwenye nyumba akasimama mlangoni:
"Miombo yote hii mpaka Sikonge,
wewe unafungia jani ndani kama mwali?
Na mwali mwenyewe unamzamisha!"
Akalipindua kopo. Halikuwa na tundu. Hata moja.
Akaleta msumari na jiwe.
Mizizi ilitoka laini kama tambi za jana;
akakata, akakata, akabakiza mitatu myeupe,
akaipa mchanga wa mtoni na samadi kiduchu iliyokwisha kupoa.
"Sasa usiliguse."
"Mpaka lini?"
"Mpaka litake."

Nitajuaje? Sijui lugha ya majani.
Lakini nimesimama nyuma ya mizani miaka kumi na tisa.
Nikalibeba kopo kazini, nimelificha kwenye koti:
kilo moja na robo, kavu;
kilo moja na robo tatu, limeshiba.
Baada ya mwezi mkono ulijua wenyewe.
Kila asubuhi kabla ya chai naliinua,
nasikiliza kwa kifundo cha mkono:
bado.
Bado.
Bado.
Leo.

Jumapili nalifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu,
vumbi la reli, vumbi la malori ya tumbaku,
juu ya jani, na chini ya jani pia,
ambako wadudu weupe hujibana
kama wasafiri wasio na tiketi.
Wenzangu wanasema nimeanza kuzeeka kabla sijaoa.
Sibishi. Nina maji ya kubadilisha.

Maana mwezi Machi, lilipokwisha kurefuka hadi kwenye redio,
nilikata kipande chini ya kifundo
nikakitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Siku kumi na saba hakuna kitu. Ya kumi na nane, uzi mweupe,
mfupi kuliko kope.

Nilisubiri uwe nyuzi tano.
Nikakifunga kwa gazeti lililolowa, boksi la viatu,
jina lake, wodi ya wazazi, Kigoma.
Nikakiweka juu ya mizani.
Mshale haukutikisika.
Nikagonga kioo.
Haukutikisika.
Fomu inataka namba, na behewa la vifurushi
lilikuwa linafungwa.

Nikaandika: kilo nane.
Nikalipa mwenyewe.