Uzi kwa Nyuzi Sabini

Lupyana alikwenda kugema ulanzi alfajiri,
akagema na kidole.
Kilolo, mwezi wa pili, ukungu umelala hadi kizingitini:
kisu hakikuona tofauti
kati ya ncha changa ya mwanzi na ncha ya shahada.

Nikamfunga kitambaa. Akauliza,
kama anavyouliza bei ya mbeta,
“Sasa humo ndani nani anashona?”

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Darubini moja, wanafunzi sitini na wawili.
Kaka, hakuna anayeshona. Wanatambaa.
Seli za ukingoni zinajisukuma mbele,
na kinachozisukuma ni uzi,
aktini, punje juu ya punje,
unakua huku, unamomonyoka kule,
kama foleni ya mbolea ya ruzuku pale ofisi ya kata:
watu wanabadilika, foleni ni ileile.

Profilini huja na punje mkononi,
huikabidhi nchani, hangoji asante.
Formini hakai chini; hupanda na uzi
kama fundi juu ya ukuta anaoujenga.
Na yule mwenye jina la namba, Arp mbili-tatu,
hujibana ubavuni mwa uzi uliotangulia
akachipusha mwingine, kwa nyuzi sabini.
Si wima. Si kulala. Sabini,
utadhani seremala wa Mafinga kapima.

“Wa kisu hayupo?”

Yupo. Kofilini.
Hupita palipozeeka, hukata.
Asipokata, punje zote hukwama katika nyuzi kuukuu
na mbele hapana cha kujengea.

“Mgema!” akacheka, kidole juu.
Mgema. Na huyu hata umsifu vipi
hatii maji.

Kuna na mfunikaji. Huziba ncha: basi, imetosha.
Wanafunzi humsahau kila mtihani.

Sikumwambia lile nililoliwaza,
mguu wa mama, miezi saba, wodi ya Tosamaganga,
ukingo wa kidonda umesimama tu,
haurudi, hautambai.
Punje zilikuwepo. Uzi ulikuwepo.
Sijui ni nani hakuja kazini.

Siku ya tisa akafungua kitambaa mwenyewe:
mstari mwembamba, wekundu wa mbegu ya ulezi.
Akaugusa, akanusa kidole, sijui kwa nini,
akachukua kisu kilekile
akashuka mianzini.